Kurudisha barabara ya mwelekeo mmoja kuwa ya pande mbili na kuunganisha vijia vyake: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila barabara ya mwelekeo mmoja inapotangazwa kwamba itarudishwa kuwa ya pande mbili, maswali huwa yale yale. Si kufuta mishale na kuchora mstari wa kati tu? Foleni haitazidi? Na kile kijia cha baiskeli kinachotoka kando ya mto na kufia kwenye ukingo wa barabara, kitaunganishwa lini? Nimechoka kujibu mmojammoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Namwandikia mhandisi kijana aliyekabidhiwa kazi hii kwa mara ya kwanza, na pia mjumbe wa kamati ya wakazi anayetaka kujua aulize nini mchoro ukiletwa mezani. Kwa neno kijia namaanisha njia ya miguu na baiskeli iliyotengwa na magari: kando ya mto, ndani ya bustani, juu ya tuta la reli iliyokwisha kufungwa.

Jambo moja nitalirudia hadi unichoke: katikati ya barabara hakuna kazi kubwa. Kazi iko kwenye makutano na kwenye ncha, yaani pale pande mbili au kijia kinapoishia.

Nadharia kidogo, kisha tuanze

Miji mingi, hasa ya Marekani, ilizigeuza barabara zake za katikati kuwa za mwelekeo mmoja kati ya miaka ya 1940 na 1960 ili magari yapite upesi. New York iliifanyia hivyo Fifth Avenue mwaka 1966. Magari yalipita upesi kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Dereva mwenye leni tatu za upande mmoja, asiye na gari linalomjia usoni, hukanyaga mafuta bila kujijua. Anayevuka kwa miguu hukutana na mtego anaoujua kila aliyewahi kuvuka barabara ya namna hiyo: gari la leni ya kwanza linasimama kumpisha, linamficha, na la leni ya pili linapita kama risasi.

Wapinzani watakuja na hesabu, na hesabu yao ni sahihi. Barabara mbili za mwelekeo mmoja zenye leni mojamoja zikikatana, kuna sehemu 5 tu ambapo njia za magari hugusana. Zikiwa zote za pande mbili, sehemu hizo huwa 32. Usibishane na hilo. Wajibu kwamba sehemu ya kugusana si ajali, na kwamba mwendo ndio unaoamua. Mjini Louisville, jimbo la Kentucky, Brook Street na First Street zilirudishwa kuwa za pande mbili mwaka 2011. Watafiti William Riggs na John Gilderbloom walipozipima, waliona ajali zimepungua kwa zaidi ya theluthi katika kila moja, ilhali magari yanayopita yalikuwa yameongezeka.

Nadharia imeishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujachora mstari wowote

- Ramani ya barabara nzima kwa kipimo cha 1:500, yenye upana uliopimwa kwa futi kamba kutoka ukingo hadi ukingo, kila baada ya mita 20 hivi. Usiamini upana ulioandikwa kwenye ramani ya zamani.
- Hesabu ya magari, baiskeli na watembea kwa miguu kwenye kila makutano, kwa vipande vya dakika 15: asubuhi, mchana, jioni, na siku moja ya wikendi.
- Kumbukumbu za ajali za miaka mitatu hadi mitano.
- Ramani ya mabomba, nyaya na mifereji iliyo chini ya lami.
- Vipimo vya gari kubwa kuliko yote litakalopita hapo. Mara nyingi ni la zimamoto au la taka.
- Jina la mwenye mamlaka ya kisheria ya kubadili mwelekeo. Barabara inaweza kuwa ndani ya mji wako na bado ikawa mali ya mkoa, jimbo au serikali kuu. Hili liulize siku ya kwanza. Nimeona mchoro mzuri wa miezi sita ukikaa kabatini kwa sababu aliyeutia saini hakuwa mwenye barabara.

Hatua ya 1: Tafuta pacha wake

Barabara ya mwelekeo mmoja ni nadra kuwa peke yake. Moja inapeleka, nyingine, mtaa mmoja pembeni, inarudisha. Ukiigeuza moja na kumwacha pacha wake, utakuwa na upande wenye leni nne na upande wenye leni moja, na madereva watajaa palipo wazi. Mjini London, Baker Street na Gloucester Place zilirudishwa kuwa za pande mbili katika mradi mmoja uliokamilika 2019. Pacha wote wawili waliguswa pamoja.

Kama fedha hazitoshi kwa zote mbili, chora zote mbili hata hivyo, kisha tekeleza kwa mafungu. Mchoro wa pacha wa pili ndio utakaokuzuia usifanye kwa wa kwanza jambo ambalo baadaye litabidi lifumuliwe.

Hatua ya 2: Pima, kisha gawa

Leni ya magari katikati ya mji inatosha kwa mita 3.0. Palipo na basi au lori kila mara, weka 3.2 au 3.3. Ukienda 3.6 umetengeneza barabara kuu, na watu wataiendesha kama barabara kuu.

Tuseme una mita 11 kutoka ukingo hadi ukingo. Toa leni mbili za mita 3.0, zimebaki mita 5. Toa mita 2 za maegesho upande mmoja, zimebaki 3. Hizo zinakupa njia ya baiskeli ya kwenda na kurudi yenye upana wa mita 2.5 pamoja na nusu mita ya kuitenga na magari. Hesabu imetimia, hakuna kilichovunjwa wala kujengwa upya.

Sasa tuseme una mita 9. Leni mbili, zimebaki 3. Hapo ni maegesho au baiskeli. Watakaokuambia vyote viwili vinaenea wanahesabu nafasi ambayo mlango wa gari lililoegeshwa utafungukia.

Na kama una mita 6? Kwa maoni yangu, mara nyingi usigeuze. Iache kuwa ya mwelekeo mmoja kwa magari na uwaruhusu wenye baiskeli waende pande zote mbili. Si jambo geni. Ubelgiji ililifanya kuwa kanuni ya kawaida kuanzia 2004, na Ufaransa ilifuata kwa maeneo yake ya kilomita 30 kwa saa kwa amri ya 2008. Alama, mchoro wa baiskeli chini, na ulinzi kidogo kwenye mdomo wa barabara. Gharama yake ni ndogo kuliko makutano mamoja yenye taa.

Kosa la kawaida: kugawa kwa kutumia upana wa wastani. Barabara hukwama mahali inapobana kuliko pote, si penye wastani. Anza kugawa hapo.

Hatua ya 3: Hesabu wanaokata kona

Idadi ya magari yanayopita haikuambii mengi. Unachotaka kujua ni wangapi watakata kona mbele ya wanaokuja. Katika nchi zinazoendesha kushoto hao ni wanaokwenda kulia, na katika nchi zinazoendesha kulia ni wanaokwenda kushoto. Kwenye barabara ya mwelekeo mmoja dereva huyu hana wa kumsubiri isipokuwa anayevuka kwa miguu. Kesho barabara ikiwa ya pande mbili, atasimama katikati ya makutano akisubiri mwanya, na nyuma yake kutakuwa na mstari wa watu wanaopiga honi.

Usichukue hesabu ya leo na kuikata mara mbili. Leo kuna watu wanaozunguka mtaa mzima ili wafike dukani kwa upande ambao mshale unaruhusu. Kesho hawatazunguka. Simama kwenye kona, tazama magari yanayopita mbele yako mara ya pili ndani ya dakika chache, na utaanza kuona ni safari ngapi zilikuwa za kuzunguka tu.

Hatua ya 4: Kitembee kijia mwenyewe

Si kwa ramani. Kwa miguu mara moja, kwa baiskeli mara moja, na mara ya tatu ukisukuma kigari cha mtoto au ukiandamana na mtu wa kiti cha magurudumu. Mara hiyo ya tatu ndiyo itakayokufundisha.

Andika kila pengo. Mapengo ni ya aina tatu. Kuna pengo la kuvuka, ambapo kijia kinaendelea ng'ambo lakini hakuna kivuko. Kuna pengo la ncha, ambapo kijia kinaishia kwenye ukingo na mtu anaachwa ajitegemee. Na kuna pengo la kimo: ngazi, ukingo usioshushwa, mteremko mkali kuliko 1 kwa 12. Yapange kwa idadi ya watu wanaoyapita, wala usiyapange kwa urefu. Pengo la mita 15 linaweza kuwa ndilo linalofanya kilomita nne za kijia zikae tupu.

Angalia pia nyayo. Mahali ambapo nyasi zimekanyagwa hadi udongo ukaonekana, watu wameshachora njia yao. Usishindane nao.

Hatua ya 5: Chora makutano kwanza, barabara baadaye

Hapa ndipo utakapotumia nusu ya muda wako, na uutumie. Kwa kila makutano chagua jambo moja kuhusu wanaokata mbele ya wanaokuja:

a) Waruhusu tu, wasubiri mwanya. Inafaa pale ambapo ni wachache.

b) Wape leni fupi yao ya kusubiria. Utalipa kwa kuondoa maegesho matatu au manne kabla ya makutano.

c) Wape zamu yao ya taa. Ni salama zaidi, lakini kila zamu unayoongeza inamla mtembea kwa miguu muda wake.

d) Wakataze. Weka katazo hili kwenye makutano machache, na uhakikishe mtaa unaofuata unawaruhusu. Dereva akikatazwa mara tatu mfululizo hatatii mara ya nne.

e) Jenga kiplefti kidogo. Huondoa taa kabisa, na hupunguza zile sehemu 32 za kugusana hadi 8. Palipo na nafasi ya kutosha, hili ndilo pendekezo langu la kwanza.

Ukishachagua, kaza kona. Ukingo wa kona wenye mpindo mpana humwachia dereva akate bila kupunguza mwendo. Kaza hadi pale gari la zimamoto linapoweza kupita kwa kugusa leni ya upande wa pili, maana linapita mara chache na wengine wataliachia njia. Usilipime kwa lori la mizigo la kontena kama lori hilo haliji kila siku.

Ondoa maegesho ndani ya mita 6 kabla ya kila kivuko. Gari lililoegeshwa kivukoni ni ukuta. Mtoto hakuoni, wala wewe humwoni. Na usiiachie rangi kazi hiyo, kwa sababu rangi huegeshwa juu yake. Weka ukingo uliochomoza, chungu kikubwa cha mti, au kizuizi cha kufungia baiskeli.

Hatua ya 6: Taa

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni kwamba upande wa pili hauna taa wala alama zinazoutazama. Leo hakuna anayetoka huko. Orodhesha kila taa, kila alama ya kusimama, kila bango la jina la mtaa, kila kioo cha kona, na ujiulize: anayetoka upande mpya ataona nini? Mara nyingi jibu ni mgongo wa bati.

Fungua kabati la mitambo ya taa mapema ujue lina nafasi ya zamu ngapi na kama nyaya zilizopo zinafika upande mpya. Kabati jipya huagizwa, na kuagiza huchukua miezi.

Kwenye mwelekeo mmoja ni rahisi kumpangia dereva kijani mfululizo. Kwa pande mbili, upande mmoja ukibahatika mwingine husimama, isipokuwa umbali kati ya makutano ulingane vizuri. Usihangaike kuwafurahisha wote. Fupisha mzunguko mzima wa taa, sekunde 60 hadi 90, ili anayesimama asisimame sana. Pangilia kijani kwa mwendo unaoutaka, kwa mfano kilomita 30 kwa saa, si kwa mwendo uliopo.

Muda wa anayevuka uhesabu kwa mita 1 kwa sekunde. Kivuko cha mita 12 kinahitaji sekunde 12 za kumalizia, mbali na zile za kuanzia. Wapo wanaotumia mita 1.2 na kujivunia sekunde mbili walizookoa. Sekunde hizo zimetoka kwa bibi mwenye mkongojo.

Hatua ya 7: Ncha

Mahali ambapo pande mbili zinaisha na mwelekeo mmoja unaanza ndipo dereva mgeni atakapoingia vibaya. Usiweke ncha katikati ya mtaa, kati ya makutano na makutano. Ncha iwe kwenye makutano, na iwe na umbo linalomlazimisha dereva kugeuka: kisiwa, ukingo uliochomoza, au kiplefti. Bango la "usiingie" peke yake halimzuii mtu anayesoma simu.

Hatua ya 8: Kiunge kijia

Sasa rudi kwenye orodha yako ya mapengo. Kanuni ya kwanza ni kwamba mtu wa kijia afike barabarani kwa pembe mraba, akiona pande zote mbili. Kijia kinachoingia kwa mshazari humtaka mtu ageuze shingo nyuma, na ukiwa juu ya baiskeli shingo haigeuki hivyo. Pindisha mita chache za mwisho ili zinyooke.

Kama kijia kinafika barabarani hatua chache tu kutoka kwenye makutano, kilete makutanoni. Kama kiko mbali, watu hawatakwenda mbali kuvuka, watavuka hapo hapo, kwa hiyo jenga kivuko hapo. Kivuko hicho kiinue juu ya tuta bapa, kimo sawa na kijia, ili gari ndilo lipande na kushuka. Barabara ikiwa imekuwa ya pande mbili, weka kisiwa katikati chenye mita 2 angalau kwa mwelekeo wa anayevuka. Baiskeli ina urefu wa karibu mita 1.8, na kisiwa kifupi kuliko baiskeli huacha gurudumu nje, magari yalinyoe.

Faida ya pande mbili kwa kijia iko hapa hapa. Mtu anavuka leni moja, anasimama kisiwani, anatazama upande wa pili, anavuka leni moja. Kwenye leni tatu za mwelekeo mmoja hapakuwa na pa kupumzikia.

Kijia chenyewe kiwe na upana wa mita 3 kama watembea kwa miguu na baiskeli wanachangia. Mita 2.4 ni za kubana, na ziwe za kipande kifupi tu. Ukingo ushushwe hadi usawa wa lami kabisa, bila kile kidomo cha sentimita mbili ambacho mafundi hupenda kukiacha. Tena ushushwe kwa upana wote wa kijia. Nimeona kijia cha mita tatu kinachoshukia barabarani kwa mlango wa mita moja, na watu wanasukumana hapo kama geti la uwanja wa mpira.

Vigingi. Kila mtu anavitaka mwanzoni mwa kijia ili magari yasiingie. Anza bila vigingi. Magari yakiingia kweli kweli, weka kimoja katikati, chenye rangi inayong'aa usiku, na uache mita 1.5 kila upande. Usiweke viwili, kwani watu wa pande zote mbili wataelekea mwanya wa kati na kukutana uso kwa uso. Vigingi navyo huvunja watu vijiani.

Palipo na kifuniko cha mfereji chenye nondo, nondo zikatane na mwelekeo wa baiskeli, zisiende sambamba nao. Palipo na reli, kijia kiivuke karibu na pembe mraba.

Mwisho, elekeza. Kijia kisichosema kinakwenda wapi ni cha wenyeji pekee. Bango dogo lenye jina la mahali na dakika za kutembea linatosha. Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa kwa ukubwa wake, Indianapolis ilikamilisha mwaka 2013 kijia cha kilomita 13 hivi kinachopita katikati ya mji wenyewe, na sehemu yake imechotwa kutoka kwenye leni za magari.

Hatua ya 9: Mabasi, mizigo, maegesho

Haraka haraka. Milango ya basi iko upande mmoja, kwa hiyo mwelekeo mpya unahitaji vituo vipya upande wa pili, pamoja na njia ya miguu pana ya kusimamia. Maegesho ya mshazari yaliyochorwa kwa mwelekeo mmoja yatakuwa kinyume kwa nusu ya madereva, basi yachore upya. Kila mtaa uwe na nafasi moja ya kushushia mizigo kila upande, iliyolindwa. Zamani lori likisimama, magari yalilipita kwa leni nyingine. Leni hiyo sasa ina watu wanaokuja.

Zimamoto waite mapema. Watakuuliza watapitaje foleni ikiwa leni ni moja kila upande. Waonyeshe maeneo ambayo magari yanaweza kujisogeza, na uwakumbushe kwamba sasa wanaweza kufika kwenye nyumba kutoka pande zote mbili.

Hatua ya 10: Siku ya kugeuza

Chagua alfajiri ya Jumapili, shule zikiwa zimefungwa. Alama zote mpya ziwe zimesimamishwa wiki moja kabla, zimefunikwa. Uswidi ilipohama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia, nchi nzima, saa 11 alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, taa zake mpya zilikuwa zimefungwa plastiki nyeusi zikisubiri dakika hiyo. Kama nchi nzima iliweza, mtaa wako utaweza.

Mpangilio wa usiku ule:

i. Funga barabara yote, ondoa magari yaliyoegeshwa.
ii. Kwangua mistari ya zamani. Kwangua, usipake rangi nyeusi juu yake. Rangi nyeusi hung'aa mvua ikinyesha, na baada ya miezi michache mshale wa zamani hurudi kama mzimu.
iii. Chora mistari mipya, anza na makutano.
iv. Washa na ujaribu taa zote, kila zamu, mtu mmoja kila kona.
v. Funua alama kuanzia ncha moja hadi nyingine, kisha fungua.
vi. Siku saba za kwanza weka mtu mwenye bendera au askari wa usalama barabarani kwenye kila makutano.

Andika "TAZAMA KUSHOTO" na "TAZAMA KULIA" chini kwenye kila kivuko, kama London inavyowaandikia wageni wake. Mwenyeji wa miaka ishirini amezoea kutazama upande mmoja, na shingo yake haisomi magazeti. Wasioona wapelekee habari kwa mdomo, kupitia vyama vyao, na uwatembeze kabla ya siku yenyewe. Wao huvuka kwa kusikiliza upande magari yanakotoka, na upande huo unaubadilisha wewe.

Hatua ya 11: Pima tena

Mwezi mmoja, miezi sita, mwaka. Pima mwendo, ajali, wanaotembea, wanaoendesha baiskeli. Wiki mbili za kwanza usizitolee hukumu yoyote, wala usimruhusu mwanasiasa azitolee.

Mambo yakienda kombo

*Madereva bado wanaendesha kama mwelekeo mmoja, wanatumia leni zote mbili.* Tazama magari yaliyoegeshwa. Kama yote yanaelekea upande mmoja, barabara nzima inasema uongo. Simamia maegesho, na uweke kisiwa kidogo kwenye mdomo wa kila mtaa ili dereva achague upande anapoingia.

*Foleni ndefu nyuma ya anayekata kona.* Rudi hatua ya 5. Jaribu kwanza kukataza kona hiyo kwa saa za msongamano tu. Isipotosha, chukua yale maegesho matatu uliyoogopa kuyachukua.

*Magari yamehamia vichochoro vya jirani.* Ziba kichochoro kimoja katikati kwa vyungu vya miti, baiskeli na miguu vikiachwa vipite. Kuweka matuta kila kichochoro ni kuhamisha kelele.

*Vioo vya mabasi vinagongana.* Pima tena kwa futi kamba. Mara nyingi leni ziko sawa na maegesho ndiyo yaliyochorwa membamba, magari yanachomoza nje ya mstari.

*Wenye baiskeli wanakiacha kijia na kupita barabarani.* Usiwalaumu kabla hujaendesha wewe. Utakuta kijia kinazunguka ambapo barabara inanyooka, au kwamba kwenye kila kivuko baiskeli inasubiri na gari halisubiri. Nyoosha, na uwape haki ya kupita.

*Maji yanatuama pale ukingo uliposhushwa.* Hili hutokea karibu kila mara mvua ya kwanza inaponyesha, kwa sababu sehemu uliyoishusha sasa ndiyo ya chini kuliko zote. Kifuniko cha mfereji kihamishwe kiwe upande wa juu wa mteremko, kabla maji hayajafika mahali pa kuvukia. Ukikiweka upande wa chini, kitakauka huku watu wakiruka dimbwi.

*Wenye maduka wanasema wateja wamepungua.* Waulize kwanza kama lile bango la "barabara imefungwa" la wiki ya ujenzi limeshatolewa. Mara mbili nimelikuta bado limesimama.